Tumetazama Dume vya Kutosha, Hebu Tumtazame Mama

(Niliongea haya kwa wafugaji na vijana wanaopenda farasi kule Nakuru, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, vicheko na simu zilizolia nimeviacha.)

Wazee shikamooni, vijana mambo vipi, na akina mama mliokaa kule nyuma karibuni mbele viti vipo. Nimeambiwa niongee kuhusu farasi wa wombladi, hawa wa Ulaya wa dresaji, yaani miendo ya kufundishwa mbele ya majaji, na wa kuruka viunzi, kwa sababu nimefanya kazi kwenye mashamba yao kaskazini mwa Ujerumani upande wa Holstein, na niseme mapema kazi yenyewe ilikua ya zizini tu, kulisha, kuzoa mavi, kukesha na majike wanaokaribia kuzaa, sio ile ya kuvaa koti refu na kofia. Mkitaka kujua namna ya kukaa kwenye tandiko mtamuuliza mwenzangu pale. Mimi ni mtu wa mama na mtoto.

Wengi hapa mna ng'ombe wa maziwa. Mtu wa AI, yule wa kupandikiza mbegu, akija na lile tangi lake anakupa katalogi, unafungua unamkuta dume kasimama kama waziri siku ya kuapishwa, chini yake namba namba, unachagua. Basi farasi wa michezo ni hivyo hivyo, tena kumezidi, maana huko kila msimu wa baridi kuna maonyesho ya madume, taa, muziki, video za polepole, mtu anatoka pale akili imeruka, hela yote anaimalizia kwenye ada ya dume halafu jike anamtumia yule yule aliyeko nyumbani, mgongo unamuuma, kastaafishwa kwa sababu hakuna aliyeweza kumpanda. Yaani nusu ya mtoto inatoka kwa mnyama ambaye hakuna hata mtu aliyemkagua. Hilo ndo nimekuja kulipinga leo.

Wombladi sio aina moja, ni ukoo mpana: kuna Hanoverian, Holsteiner, Oldenburg, Trakehner, Selle Français wa Ufaransa, na wa Uholanzi ambao daftari lao linaitwa KWPN. Mwanzo walikua farasi wa kulima, kuvuta magari na kwenda vitani. Mwaka 1735 George wa Pili, ambaye alikua mfalme wa Uingereza na wakati huo huo mtawala wa Hanover huko Ujerumani, alianzisha kituo cha madume pale Celle ili wakulima walete majike yao wapandwe. Ona mpangilio wenyewe hapo, dume alikua wa serikali, jike alikua wa mkulima, na ni mkulima aliyekua anajua bibi yake huyu jike alikua anavuta vipi, alikua anauma au hang'ati, alikua anazaa kila mwaka au anaruka miaka.

Baada ya vita vya pili trekta likaingia, farasi wa shamba hana kazi tena, wakulima ikabidi waamue ama wawachinje ama wawageuze farasi wa michezo. Holstein wakaleta damu nyepesi, thorobredi, yaani farasi wa mbio, wa Uingereza aitwaye Ladykiller aliyezaliwa 1961, halafu mwaka 1971 wakamleta Cor de la Bryère kutoka Ufaransa. Hii hadithi kila mtu huko anaisimulia kama hadithi ya hao madume wawili, na kweli walikua wakali, huwezi kufungua ukoo wa farasi wa kuruka wa leo ukakosa kuwakuta humo. Lakini walipandishwa kwa nani? Kwa majike wa Holstein waliokua wameandikwa mama kwa mama kwa vizazi na vizazi, kila mstari wa mama una namba yake, wenyewe wanaiita Stamm. Ukienda kwa mzee wa kule ukamwambia nina mtoto mzuri wa farasi, swali la kwanza halikua baba yake nani, ni Stamm namba ngapi. Mimi mwanzo nilidhani ni mambo ya wazee kupenda namba tu. Sio.

Na Trakehner je. Hawa walianza 1732 huko Prussia ya Mashariki. Mwanzoni mwa 1945 jeshi la Urusi linakuja, familia zikakimbia magharibi kwenye baridi kali, mikokoteni ikivutwa na majike wao wa kuzalisha, wengi wao na mimba, wengine wakapita juu ya barafu ya ile ghuba iliyofungika ya bahari ya Baltiki huku ndege za vita ziko juu. Wengi sana walikufa. Waliofika ni wachache, na uzao wa hao wachache ndo Trakehner tunaowaona leo. Dalera, aliyechukua dhahabu ya dresaji Tokyo na tena Paris 2024 na Jessica von Bredow-Werndl, ni Trakehner, na ni jike.

Sasa twende kwa Totilas, yule dume wa dresaji, maana najua vijana mnamsubiri huyo. Kazaliwa Uholanzi mwaka 2000, baba Gribaldi ambaye ni Trakehner, mama Lominka. Desemba 2009 pale London na Edward Gal akapata asilimia 92.30 kwenye mchezo wa muziki, watu walikua hawajawahi kuona kitu kama kile, 2010 kule Kentucky akabeba dhahabu tatu za dunia, baada ya hapo akauzwa Ujerumani na majike wakapanga foleni, ada ikitajwa kuwa euro 8,000, na hapo hujalipa daktari, hujalipa usafiri, hujui kama mimba itashika. Kafa 2020. Watoto wake wapo, wengine wamefika Grand Prix, ile ngazi ya juu kabisa ya mashindano, ni farasi wazuri kabisa siwadharau, ila Totilas mwingine hakutokea. Na aliyeivunja rekodi yake, Valegro, aliyefika asilimia 94.30 mwaka 2014, ni maksai, kahasiwa, mtoto hana hata mmoja. Kwa hiyo rekodi ya juu kabisa ya dresaji haina mrithi wa kuzaliwa, ukitaka jeni zake utengeneze nakala maabara, na nakala zipo kweli, za farasi wengine, shirikisho la dunia FEI liliruhusu nakala kushindana tangu 2012. Mimi binafsi sizipendi, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Mnaona tatizo liko wapi. Dume bingwa anatoa nusu tu, na hata hiyo nusu inachanganywa upya kila mara, leo anatoa mguu, kesho anatoa kichwa kigumu. Halafu pigeni hesabu nyingine, hii watu hawaipigi kabisa: dume anapitishwa na wakaguzi akiwa na miaka miwili na nusu, hajapandwa mashindanoni hata siku moja, wanamwangalia akitembea, akikimbia, akirushwa viunzi bila mpandaji. Watoto wake wa kwanza wanazaliwa akiwa na miaka minne. Hao watoto wafike Grand Prix wana miaka kumi hivi. Kwa hiyo siku unayojua kwa uhakika dume huyu anazaa nini, yeye ana miaka kumi na minne na kwenda juu, na soko lilishamkimbia zamani linamfuata kijana mwingine wa miaka miwili na nusu. Ukinunua mbegu ya dume kijana unanunua ahadi. Lakini jike aliyeko zizini kwako mwenye miaka kumi na miwili, ambaye dada yake anaruka, mama yake alizaa watano na wote wakafanya kazi bila kuchechemea, huyo sio ahadi, huyo ushahidi wake unakula nyasi hapo nje.

Ila msinielewe vibaya mkafikiri nasema tafuta jike bingwa. Kulikua na jike anaitwa Halla, mwaka 1956 Olimpiki ya farasi ilifanyika Stockholm kwa sababu Australia ilikataa kuingiza farasi kutokana na sheria zao za karantini, mpandaji wake Hans Günter Winkler akaumia msuli wa paja karibu na nyonga kwenye raundi ya kwanza, raundi ya pili akapandishwa juu na dawa ya maumivu, hawezi kumsukuma farasi, amekaa tu anaugulia, na Halla akamzungusha uwanja mzima hakuangusha kiunzi hata kimoja. Dhahabu. Wajerumani mpaka leo hawaruhusu farasi mwingine kuitwa jina hilo. Basi huyo Halla ukoo wake ulikua wa kuungaunga, damu ya farasi wa mbio za kuvuta vigari, upande wa mama haukuandikwa popote vizuri, na alipostaafu akazaa na hakuna mtoto aliyemkaribia. Bingwa anaweza kuwa ajali nzuri ya Mungu. Mama mzuri wa kuzalisha ni kitu kingine, unamjua kwa watoto na kwa dada na kwa mama yake, sio kwa vikombe vyake.

Waholanzi hapo wamenifurahisha. Wana vyeo vya majike, na kuna vyeo kama prestatie na preferent ambavyo jike hapewi kwa uzuri wake yeye, anapewa kwa sababu watoto wake wamefanya vizuri. Na ukitaka mfano wa upande wa kuruka mtazame jike wa Ufaransa Fragance de Chalus, huyo kazaa Mylord Carthago kwa dume mmoja, Norton d'Eole kwa dume mwingine, Bamako de Muze kwa Darco wa Ubelgiji, mababa tofauti, nchi tofauti, na bado wote wanaruka. Hapo utasema ni dume? Haiwezekani.

Tena mama hatoi jeni peke yake. Mwaka 1938 kule Cambridge wataalamu wawili, Walton na Hammond, walichanganya Shire, lile farasi kubwa kuliko yote la kuvuta, na Shetland, kile kifarasi kinachofika kiunoni mwa mtu, kwa kutumia upandikizaji wa mbegu maana kwa njia ya kawaida hapo mngeitana. (Hapa walicheka sana, naona nimegusa.) Mtoto aliyebebwa na mama Shire alizaliwa mkubwa sana, aliyebebwa na mama Shetland alizaliwa mdogo, wakati jeni ni mchanganyiko ule ule, na hata walipokua watu wazima hawakulingana. Tumbo la mama lilipanga. Ndo maana siku hizi wanaohamisha mimba, yaani yule jike wa mashindano anaoshwa kizazi siku ya saba au ya nane baada ya yai kutoka, mimba inatolewa inawekwa kwa jike mwingine ili mwenyewe aendelee kushindana, wanaojua kazi hawachukui tu jike yeyote wa bei rahisi kubeba. Wanataka mkubwa, mwenye maziwa, na mwenye tabia, kwa sababu mtoto atakaa naye miezi kama sita akijifunza kutoka kwake nani wa kumuogopa na nani wa kumfuata. Mama anayerukia ukuta kila akiona binadamu atakulea mtoto wa hivyo hivyo, na huyo mtoto utakuja kumpeleka kwenye uwanja wa mita 20 kwa 60 mbele ya majaji umwambie atulie.

Niwaambie kidogo kazi yenyewe inavyokwenda. Jike anazunguka siku 21 hivi, siku tano mpaka saba kati ya hizo ndo yuko kwenye joto. Ulaya anafuata mwanga, baridi ikiingia anafunga duka, ndo maana wanawawashia taa zizini kufikisha mchana wa saa 16 ili waanze mapema. Sisi hapa karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, hilo ni jambo letu zuri. Farasi wa mbio wale thorobredi lazima dume ampande jike kimwili, sheria yao ya dunia nzima, mbegu ya chupa hawaandikishi. Wombladi ni kinyume, karibu wote ni chupa. Dume anarukia sanamu, mbegu inapimwa, inachanganywa na maji yake maalum, ikipozwa inaishi siku moja mpaka mbili, ikigandishwa kwenye naitrojeni digrii 196 chini ya sifuri inakaa miaka. Lakini ya kugandishwa ikishayeyushwa maisha yake ni mafupi mno, lazima iingie karibu kabisa na saa ya yai kutoka, kwa hiyo kifuko cha yai kikifika milimita 35 na zaidi daktari anachoma sindano halafu ni skeni juu ya skeni, usiku saa sita, alfajiri saa kumi na mbili, na jike naye amechoka kuingiziwa mkono. Anayewaambia kupandisha farasi ni sawa na ng'ombe hajakesha.

Na mapacha. Ng'ombe akibeba mapacha unaogopa kidogo, farasi akibeba mapacha karibu kila mara mwisho ni msiba, tumbo lake halitoshi. Ndo maana skeni ya siku ya 14 au ya 15 sio anasa, wakionekana wawili daktari anamminya mmoja kabla ya siku ya 16, baada ya hapo wanashikana na kuta za kizazi na kazi inakua ngumu.

Miezi 11 ikiisha hapo ndo mimi naingia. Jike anapenda kuzaa usiku, anasubiri mpaka uende kunywa chai. Tulikua tunahesabu hivi: ndani ya saa moja mtoto awe amesimama, ndani ya saa mbili awe amenyonya, ndani ya saa tatu kondo la nyuma liwe limetoka, na hakuna kubembeleza, likizidi hapo simu kwa daktari. Na mfuko unaotangulia uwe mweupe, ukiona mwekundu usimngoje mtu, chana hapo hapo, maana kondo limeachia mapema na mtoto anakosa hewa. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndo roho ya kila kitu. Mtoto wa farasi anazaliwa hana kinga kabisa mwilini, kinga yote iko kwenye dang'a na utumbo wake unaipokea kwa saa chache tu za mwanzo, unaweza kuwa umelipia mbegu ya bingwa wa dunia na ukampoteza mtoto kwa sababu mama yake alivujisha dang'a usiku mzima na wewe ulikua umelala. Hapo dume wa katalogi anakusaidia nini?

Kuna ugonjwa mmoja wa kurithi kwenye wombladi unaitwa WFFS, mtoto anazaliwa ngozi inachanika, viungo vimelegea, lazima daktari amuue kwa sindano asiteseke. Kama farasi mmoja kati ya kumi anabeba hiyo jeni bila kuonyesha dalili yoyote. Mbebaji kwa mbebaji, uwezekano ni robo. Kipimo ni nywele chache tu za singa na hela kidogo. Madume wengi siku hizi wanaandikwa wazi kama ni wabebaji, jike wako je, nani kampima?

Kuhusu kuchagua miguu na miendo sitakaa sana. Kutembea kuna mapigo manne, troti (mbio ndogo) mawili, kanta (mbio za kurukaruka) matatu. Troti unaweza kuifundisha mpaka ipendeze, kutembea na kanta kwa sehemu kubwa wanazaliwa nazo, na bado mnadani watu wanalipia troti, miguu ya mbele imerushwa juu huko, ya nyuma imebaki inaburuzwa. Mimi namwangalia jike akishuka peke yake kwenda malishoni, hajui anatazamwa, hapo hapo unaona kila kitu. Wa kuruka naye kiunzi cha mita 1.60 kinataka nguvu ndiyo, lakini zaidi kinataka farasi anayechukia kugusa mti, na hilo la kuchukia, wazee wa Holstein wanakuapia linapita kwa mama.

Mkauliza je, hapa kwetu inawezekana? Farasi wengi mlio nao ni thorobredi waliotoka mbio za Ngong, na msiwadharau, ndo damu ile ile ya akina Ladykiller iliyotengeneza hawa wombladi wa leo. Jike wa thorobredi mwenye mifupa na akili tulivu, mbegu ya kugandishwa ya Holsteiner kwa kibali cha serikali, mtoto atakayetoka ni farasi wa kazi kabisa. Lakini msimlee mkitegemea soko la Ulaya, kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, vijidudu vidogo vinavyouma kuanzia jioni mpaka alfajiri ndo vinaueneza, pundamilia anaubeba bila kuugua na farasi mgeni asiyechanjwa mara nyingi anakufa kwa siku chache, kwa hiyo nchi za huko zinaogopa sana farasi hai kutoka huku. Soko lenu ni hapa hapa, wapandaji wa Nairobi. Na ndo sababu nyingine ya kuleta mbegu badala ya kuleta mnyama, yule wa Ulaya anafika hana kinga, mtoto aliyezaliwa hapa chanjo zake anaanza mapema na usiku analala ndani.

Kabla hujafungua katalogi lipa kwanza eksirei ya miguu ya jike, skeni ya kizazi, na kile kipimo cha nywele. Ikibaki hela nunua dume wa kati, mwenye watoto wakubwa wanaoonekana uwanjani.

Mzee mmoja wa mbele akasimama akasema yeye jike anaye, mzuri sana, ana miaka 19 na hajawahi kuzaa, aanze na dume gani. Nikamwambia mzee wangu huyo mwache ale majani yake kwa amani. Kama ana mdogo wake wa mama mmoja, kesho saa mbili nakuja kumwona.